Lisemwalo lipo? Maswali yenu kuhusu propaganda ya mitandaoni

Tuliomba maswali kuhusu propaganda ya mitandaoni na mashine zinazoibeba. Yamekuja mengi, na karibu yote yanaizunguka methali ambayo watu hujitetea nayo wanapotuma jambo wasilolihakiki: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wanaoeneza propaganda wanaielewa sana methali hiyo. Kazi yao ni kuhakikisha jambo linasemwa, tena na wengi, tena leo. Hilo la kuwapo wanakuachia umalizie mwenyewe.

Wahariri, habari za kazi. Nikifungua X asubuhi nakuta neno moja lenye alama ya reli (#) linatrendi, na mamia ya watu wanaandika sentensi zinazofanana. Nitajuaje kama ni watu kweli au ni roboti? Msomaji, Morogoro

Mara nyingi ni vyote viwili kwa pamoja. Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa Kenya. Mwaka 2021, joto la BBI, ule mpango wa kubadili katiba, lilipokuwa juu, watafiti Odanga Madung na Brian Obilo waliokuwa wakifanya kazi na taasisi ya Mozilla walifuatilia reli 11. Walikuta twiti zaidi ya 23,000 kutoka akaunti zipatazo 3,700, nyingi zikiwaandama majaji na wanaharakati. Nyuma ya akaunti hizo walikuwapo vijana wenye simu zao, waliolipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku. Maelekezo yalitoka kwenye makundi ya WhatsApp: reli ya leo ni hii, tunaanza saa fulani, maneno na picha ni hizi.

Saa ya kuanza ina uzito kuliko mtu anavyodhani. Orodha ya mambo yanayotrendi hupima zaidi kasi ya neno kupanda ghafla kuliko jumla ya waliolitaja. Akaunti 200 zikiandika ndani ya dakika kumi zinaweza kuonekana kubwa kuliko watu 2,000 wanaolizungumza jambo kutwa nzima. Neno likishaingia kwenye orodha, watu wa kweli wanalikuta, wanauliza "kuna nini?", na kwa kuuliza kwao wanalipandisha zaidi.

Kujaribu mwenyewe hakuhitaji utaalamu. Chukua sentensi moja isiyo ya kawaida, ikiwezekana yenye kosa la tahajia, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye sehemu ya kutafutia, kisha fungua safu ya machapisho mapya. Kosa lilelile likijitokeza kwenye akaunti ishirini ndani ya nusu saa, hao wamenakili kutoka karatasi moja. Kisha fungua akaunti zenyewe. Tazama mwezi iliofunguliwa na idadi ya machapisho, ugawanye. Akaunti ya siku 90 yenye machapisho 18,000 imeandika mara 200 kwa siku. Wachunguzi wa DFRLab, maabara inayofuatilia upotoshaji wa mitandaoni, walijiwekea kipimo: machapisho 72 kwa siku yanatia shaka, 144 yanatia shaka kubwa. Sabini na mbili ni chapisho moja kila dakika kumi kwa saa kumi na mbili mfululizo, bila kula wala kwenda msalani.

Kipimo hicho kisikufanye umhukumu mtu peke yake. Shabiki wa Simba au Yanga siku ya dabi anaweza kuvuka 72 kabla ya mapumziko. Unatafuta dalili tatu nne zilizokutana: akaunti changa, kasi isiyo ya kibinadamu, mada moja tu, na ukimya kamili kampeni ikiisha.

Tena dalili ya maneno kufanana inakufa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walieleza mtandao wa akaunti 464 kwenye X uliorusha ujumbe zaidi ya 650,000 tangu Januari mwaka huo, ukiisifu serikali ya Paul Kagame na kuzungumzia vita vya mashariki mwa Congo. Watafiti hao walionyesha kwamba ujumbe ulitengenezwa kwa msaada wa ChatGPT, ili wazo moja lisemwe kwa namna mia. Kwa hiyo sasa angalia saa na shabaha: akaunti zinazoamka pamoja, zinazojibu watu walewale, na zinazonyamaza pamoja, hata kama hakuna mbili zilizotumia sentensi moja.

Natafuta kazi. Kuna mtu ameniongeza kwenye kundi, anasema kila siku tutatumiwa maneno ya kupost na tutalipwa jioni. Mwingine anataka "kukodi" WhatsApp yangu. Kuna ubaya? Kijana, Nakuru

Ndugu yetu, tunajua pesa hiyo ni chakula cha siku, kwa hiyo tutakueleza ilivyo. Anayekulipa hana mkataba na wewe, jina lake halionekani popote, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Likizuka la kuzuka, mwenye kuitwa ni wewe. Baada ya ripoti ile ya Kenya, Twitter (ndiyo X ya sasa) ilifuta akaunti zaidi ya 100. Akaunti ikifutwa kwa kosa hilo inaondoka na marafiki uliowakusanya miaka mingi, na wateja pia kama ulikuwa unauzia bidhaa humo.

Huenda unajiuliza kwa nini wakutafute wewe wakati mashine zinafungua akaunti zenyewe. Kweli zinafungua: Oktoba 2025 polisi nchini Latvia walikamata mitambo 1,200 ya kuchomekea laini ikiwa na laini 40,000, na mtandao wa wahalifu walioitumia ulikuwa umewezesha kufunguliwa kwa akaunti zaidi ya milioni 49. Lakini akaunti mpya haina uzito, inashukiwa haraka, na hakuna anayeifahamu. Yako ina shangazi, wanafunzi wenzako na picha za harusi. Wanachokodi ni imani ya watu wako.

Hilo la kukodi WhatsApp ndilo baya kupita yote. Ukiskani ile alama ya mraba waliyokutumia, umewaruhusu wasome na kuandika kwa jina lako. Kama umeshaskani, fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, gusa kila kifaa usichokitambua na ukiondoe. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, namba sita za siri ambazo humpi mtu.

Je, roboti zote zikifutwa leo, uongo utakwisha? Mwalimu, Mombasa

Hapana, Mwalimu, na hili ndilo tunalotamani lifike darasani. Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT, Marekani, Vosoughi, Roy na Aral, walichapisha uchunguzi wa habari zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, habari takriban 126,000 zilizosambazwa na watu wapatao milioni 3. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurushwa tena, kwa asilimia 70. Ukweli ulichukua muda wa karibu mara sita ya uongo kuwafikia watu 1,500. Kisha wakaziondoa roboti kwenye hesabu, na tofauti ikabaki palepale: roboti ziliharakisha ukweli na uongo kwa kiwango kinachokaribiana. Kilichoupa uongo mbio ni mikono ya watu, kwa sababu uongo ulikuwa mpya masikioni na ulishtua.

Roboti zina kazi yake, nayo ni ya mwanzoni. Utafiti mwingine wa 2018, uliochunguza twiti milioni 14 za Marekani, ulikuta kwamba roboti hujitokeza sana dakika za kwanza kabisa baada ya habari kutoka, tena huwalenga wenye wafuasi wengi kwa kuwataja na kuwajibu, zikitumaini mmoja wao atarusha. Ni kama mtu anayekoka jiko: kibiriti kinawaka sekunde chache, mkaa ndio unaoendelea.

Na makampuni yenyewe yamechochea. Kuanzia 2017 Facebook ilihesabu vile vikaragosi vya hisia, pamoja na cha hasira, kuwa na thamani mara tano ya "like" wakati wa kuamua nani aone nini. Chapisho la kukasirisha lilipandishwa mbele ya macho ya watu kwa sababu tu limekasirisha. Thamani ya kikaragosi cha hasira ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafika sifuri Septemba 2020. Ni miaka mitatu ya kuwafundisha waandishi wa uchochezi kwamba hasira inalipa, na somo hilo halikufutika pamoja na ile namba.

Kwa nini uchochezi wa Kiswahili haufutwi hata tukiripoti? Msomaji, Goma

Kwa sababu mashine za kuchuja zimefunzwa vizuri kwa lugha chache, na Kiswahili hakipewi nafasi inayolingana na wasemaji wake. Mwezi Julai 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalipeleka Facebook matangazo ya majaribio yenye chuki ya kikabila, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa makosa ya sarufi, na yaliporekebishwa yakakubaliwa nayo. Mashirika yaliyaondoa kabla hayajamfikia mtu yeyote.

Kwenu ni vigumu zaidi, maana Kiswahili cha Goma kimechanganyika na Kifaransa na Kilingala, na maneno makali kwa sura ni maneno ya kawaida. "Nyoka" na "mende" ni wadudu na wanyama kwa mashine. Kwa mtu wa Maziwa Makuu, akiitwa hivyo jirani yake, ni tishio. Unaporipoti, ripoti chapisho lenyewe na usiishie kwenye akaunti tu. Chagua kosa la vurugu au chuki, usichague "sipendi kuona hiki". Kabla ya kuripoti hifadhi kiungo na picha ya skrini inayoonyesha tarehe, kwa sababu likifutwa utakosa ushahidi.

Shikamooni wahariri. Shangazi yangu ametuma kwenye kundi la familia picha ya masanduku ya kura yanaungua, akisema ni hapa kwetu. Nina shaka, lakini sitaki kumvunjia heshima mbele ya watu. Nifanyeje? Binti, Tanga

Marahaba, mwanetu. Anza na ujumbe wenyewe. Ukiwa na vishale viwili na maneno kwamba umesambazwa mara nyingi, umepita hatua tano au zaidi kabla ya kufika kwenu. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unapelekwa sehemu moja tu kwa wakati, na WhatsApp ilisema usambazaji wake ulishuka kwa asilimia 70. Ujumbe mpya bado unaweza kurushwa sehemu tano kwa mara moja, na kundi moja linabeba hadi watu 1,024, kwa hiyo kidole kimoja kinafikia zaidi ya watu 5,000. Kukosekana kwa vishale hakumaanishi usalama: mtu akihifadhi picha na kuituma upya, alama inapotea.

Sasa picha. Ihifadhi, kisha ikate kwa kuondoa maandishi na nembo zilizobandikwa juu yake, maana hizo ndizo zinazoipotosha mashine ya kutafuta. Ipeleke kwenye Google Lens, halafu TinEye. TinEye ina faida moja: inakuruhusu kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi. Picha inayodaiwa ni ya juzi ikionekana mwaka 2017, kazi imekwisha. Isipopatikana, igeuze kushoto-kulia ujaribu tena. Waghushi hupenda kugeuza. Kama ni video, simamisha mahali penye kibao, mlima au gari, upige picha za skrini tatu hadi tano uzitafute moja moja.

Usipopata kitu, usiseme "basi ni ya kweli". Picha mpya huenda bado haijaorodheshwa popote. Hapo ikague kwa macho. Namba za magari: za Tanzania ni T, tarakimu tatu, herufi tatu, za Kenya huanza na K na kuishia na herufi moja. Magari yanapita upande gani? Tanzania, Kenya na Uganda ni kushoto. Congo, Rwanda na Burundi ni kulia. Soma maandishi kwenye sanduku, ni ya lugha gani, yamegeuka? Tazama sare za polisi, nguzo za umeme, hata aina ya bati. Na usiamini nembo ya chombo cha habari iliyo pembeni: kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 zilizagaa video zilizotengenezwa zifanane na taarifa za BBC na CNN. Nenda kwenye ukurasa wa chombo chenyewe uitafute habari hiyo. Ukikwama, tazama kama wahakiki wa habari wa PesaCheck, Africa Check au JamiiCheck wameshaishughulikia, au watumie wao.

Kuhusu shangazi, mfuate faraghani kwanza, tena kwa simu au ujumbe wa sauti. Kitu kama hiki: "Shangazi, shikamoo. Ile picha ya masanduku nimeikuta mtandaoni tangu mwaka fulani, ni ya nchi nyingine. Nimekutumia kiungo uone. Naomba utuambie kwenye kundi wewe mwenyewe, wengine watakusikiliza." Akisahihisha mwenyewe hajashushwa, na wengine wataona kwamba kusahihisha ni jambo la mkubwa. Asipotaka, sahihisha kundini kwa kuitaja picha, usimtaje aliyeileta. Anza na ukweli, kisha eleza uongo kwa sentensi moja. Usiirudishe picha ikiwa tupu: andika neno UONGO kwa herufi nene katikati yake, siyo pembeni, ili anayeitoa humo asiweze kulikata.

Nimepokea sauti ya kiongozi akisema mambo mazito. Ni sauti yake kabisa. Nawezaje kujua kama ni akili mnemba? Msomaji, Muscat

Kwa sikio peke yake, siku hizi ni vigumu. Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu na sauti ya Rais Biden ikiwashawishi wasijitokeze kwenye kura ya awali. Ilikuwa bandia. Aliyeitengeneza alisema ilimchukua chini ya dakika 20 na gharama ya dola moja hivi. Mshauri wa kisiasa aliyeiagiza alitozwa faini ya dola milioni 6. Huko Slovakia, sauti ya kughushi ilitoka siku mbili kabla ya kura ya Septemba 30, 2023, ndani ya kipindi ambacho sheria inavitaka vyombo vya habari vikae kimya kuhusu uchaguzi. Muda huo haukuwa wa bahati.

Unaweza kusikiliza pumzi, mwangwi wa chumba usiobadilika, ng' inayotamkwa kama ng ya "ngoma", au jina la mji wa nyumbani kwake analolikosea. Lakini WhatsApp hubana sauti, na ubanaji huo unafuta alama ndogo ambazo hata programu za uchunguzi huzitegemea. Kwa hiyo weka nguvu kwenye chanzo. Alisema wapi, siku gani, mbele ya nani? Mkutano wenye watu mia huwa na simu mia. Kama ipo sauti moja tu, ya sekunde 40, isiyo na swali la mtu mwingine wala kelele za ukumbi, usiitume. Na kama ni sauti ya ndugu anayeomba fedha, kata, kisha mpigie wewe kwa namba uliyokuwa nayo siku zote. Familia zilizotawanyika Ghuba na Ulaya tunazishauri zikubaliane neno moja la siri, na neno hilo lisiandikwe kwenye kundi.

Akaunti yangu ya X imefungwa kwa madai kwamba nimeiba picha niliyopiga mwenyewe. Inawezekanaje? Mwandishi, Arusha

Inawezekana, na imefanyika Tanzania kwa mpango. Desemba 2021 Twitter ilitangaza kufuta akaunti 268 zilizotumika kupeleka malalamiko ya uongo dhidi ya kundi la haki za binadamu la FichuaTanzania, wanachama na wafuasi wake. Njia ilikuwa hii: mtu ananakili maneno au picha kutoka twiti ya mlengwa, anaviweka kwenye tovuti aliyoifungua mwenyewe, anairudisha nyuma tarehe ya chapisho ili ionekane alitangulia, kisha analalamika kwamba hakimiliki yake imeibwa. Mashine inayopokea malalamiko inaona tarehe mbili na kuamini ya zamani. Propaganda kwa kawaida inaongeza kelele. Hii inazima sauti, nayo tunaiona mbaya zaidi kwa sababu wasomaji wako hawajui hata kwamba umenyamazishwa.

Kusanya faili halisi ya picha kutoka kwenye simu au kamera, ambayo ina tarehe na aina ya kifaa ndani yake. Usitoe iliyopita WhatsApp kama picha, imeshafutwa taarifa hizo. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama hati. Kisha ichunguze tovuti ya mlalamikaji. Kama ina jina lake lenyewe la mtandao, tafuta lilisajiliwa lini. Iangalie kwenye hifadhi ya web.archive.org: ukurasa unaodai ni wa 2019 usipoonekana humo mpaka wiki iliyopita, hiyo ni hoja ya kuandika.

Halafu unapeleka pingamizi chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani, DMCA. Mlalamikaji asipofungua kesi, kampuni inatakiwa kurudisha ulichochapisha ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Kabla hujabonyeza kutuma, jua kwamba fomu inataka jina lako kamili, anwani na namba ya simu, na nakala yake inakwenda kwa aliyekulalamikia. Kama unaandika kwa jina la kificho, huenda hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo. Mtafute kwanza wakili au shirika la kutetea waandishi, uulize kama wanaweza kukupelekea pingamizi hilo kwa niaba yako.